Mzigo haujibebi wenyewe: sendika za dunia na raia wa Palestina



Mwezi wa tatu 2025, katika mkutano wetu mmoja hapa Lubumbashi, mtu alipendekeza tuandike ujumbe wa kuunga mkono raia wa Gaza. Kabla hajamaliza, mwenzetu mmoja wa Bukavu alisimama. Mji wake ulikuwa umeanguka wiki chache tu mbele ya hapo. Hakupandisha sauti. Aliongea pole pole: «Bandugu, mama yangu alilala chini ya kitanda siku tatu juu ya masasi. Nani kule ng'ambo aliandika ujumbe juu ya mama yangu?»

Ukumbi ulinyamaza. Ujumbe haukuandikwa. Tukaendelea na mambo ya michango.

Nilitoka pale na lile swali kichwani. Mimi nilisoma kilimo, sikusoma historia. Lakini nilianza kutafuta: katika hii vita ya Gaza, wafanyakazi wa nchi zingine walifanya nini hasa? Sikutafuta walisema nini, maana kusema kila mtu anaweza. Walifanya nini kwa mikono yao? Nilichokuta kimebadilisha namna ninavyojibu lile swali, njo maana ninaandika.

Tuanze na Gaza yenyewe. Ni kipande cha ardhi cha kilometa mraba 365. Mji wa Lubumbashi peke yake unakipita mara mbili. Ndani yake waliishi watu zaidi ya milioni 2. Tarehe 7 mwezi wa kumi 2023, wapiganaji wa Hamas na vikundi vingine waliingia Israeli, wakaua watu 1,200 hivi, wengi wao raia, na wakachukua mateka karibu 250. Israeli ilijibu kwa vita ambayo, kwa hesabu ya wizara ya afya ya Gaza, ilikuwa imekwisha kuua watu zaidi ya 60,000 kufikia mwisho wa mwezi wa saba 2025. Kuua raia ni kuua raia, hata ukiwa upande gani. Nasema hili mapema ili tusipoteze muda katika mabishano.

Mimi kama mtu wa shamba, namba iliyonichoma zaidi ilitoka FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo. Mwezi wa saba 2025, kwa kusoma picha za satelaiti, walionyesha kwamba mashamba ambayo watu walikuwa bado wanaweza kuyafikia, na ambayo hayajaharibiwa, yalibaki asilimia 1.5 tu ya mashamba yote ya Gaza. Asilimia moja na nusu! Mwezi uliofuata, tarehe 22, wataalamu wa IPC, wanaopima njaa duniani, walithibitisha kwamba baa la njaa limeingia katika mkoa wa mji wa Gaza. Sisi tuliosoma kilimo tunajua kitu kimoja: muhindi ukiharibika, msimu ujao unapanda ingine. Mzeituni haiko hivyo. Ukiung'oa, umeng'oa miaka ya baba na ya babu pamoja.

Sasa tuje kwa sendika.

Siku 9 tu kisha vita kuanza, tarehe 16 mwezi wa kumi 2023, sendika za Palestina zilitoa wito kwa wafanyakazi wa dunia nzima. Nilipousoma mara ya kwanza nilishangaa, kwa sababu nilikuwa ninangojea kilio. Ule wito haukuomba machozi, na haukuomba feza. Uliomba vitu vitano. Wafanyakazi wa viwanda vya silaha wakatae kutengeneza silaha zinazokwenda Israeli. Wafanyakazi wa usafirishaji wakatae kuzisafirisha. Sendika zipitishe maazimio ya namna hiyo katika mikutano yao. Zichukue hatua juu ya makampuni yanayohusika na mzingiro wa Gaza. Na zisukume serikali zao ziache biashara ya silaha na Israeli.

Muangalie vizuri: kila ombi lina anwani. Wewe wa kiwanda, fanya hivi. Wewe wa bandari, fanya vile. Waliouandika walijua kitu ambacho kila mfanyakazi anakijua, lakini sisi wasomi tunakisahau haraka: mzigo haujibebi wenyewe. Bomu halitembei. Kuna mtu analitengeneza, mtu analifunga katika sanduku, mtu anaendesha kamio mpaka uwanja wa ndege, mtu anabonyeza mashini ya kulipandisha. Kila mmoja wao analipwa mshahara, na wengi wao wana kadi ya sendika mfukoni.

Jibu la kwanza lililonigusa lilitoka Ubelgiji. Tarehe 31 mwezi wa kumi 2023, sendika nne za usafirishaji za nchi ile ziliwaambia wanachama wao wasishughulike na ndege zinazobeba vifaa vya kijeshi kwenda kwenye ile vita. Walieleza kwamba wafanyakazi wa viwanja vya ndege walikuwa wanaona silaha zikipita mikononi mwao, na kwamba kuzipakia ni kusaidia kuua watu wasio na kosa. Sisi Wacongo tunajua Ubelgiji kwa historia ingine, sina haja ya kuirudia. Lakini ni vizuri tujue na hii pia: patroni wa nchi na mpakiaji wa mizigo wa nchi ile ile si mtu mmoja.

Wiki moja kisha hapo, wafanyakazi wa bandari ya Barcelona, katika Hispania, waliamua kutoruhusu meli zenye vifaa vya vita vinavyotumika juu ya raia. Mwezi wa pili 2024, shirikisho la wafanyakazi wa bandari za India, lenye wanachama 3,500 hivi katika bandari 11, lilitangaza kwamba halitapakia wala kupakua silaha za kwenda Israeli. Mwezi wa kumi mwaka ule ule, wafanyakazi wa Piraeus, bandari kubwa ya Ugiriki, walizuia kontena ya risasi. Mwezi wa sita 2025, kule Fos-sur-Mer karibu na Marseille, wanachama wa sendika ya CGT walikuta tani 14 za vipande vidogo vya chuma, vile vinavyounganisha masasi katika mkanda wa bunduki za rashasha. Waliweka ule mzigo pembeni. Meli iliondoka bila huo mzigo, na kule Genoa katika Italia, ambako meli ilikuwa inaelekea, wenzao walikuwa wamekwisha kujipanga kuingojea. Kisha, tarehe 22 mwezi wa tisa na tarehe 3 mwezi wa kumi 2025, Italia iliona migomo mikubwa ya nchi nzima juu ya Gaza. Mgomo wa pili uliitwa kisha Israeli kukamata mashua zilizokuwa zinapeleka msaada. Treni, shule, bandari, kazi nyingi zilisimama. Hawakuwa wanadai nyongeza ya mshahara. Kila mtu aliyegoma alikatwa mshahara wa ile siku, na walikuwa wanajua.

Lakini hili wazo halikuzaliwa 2023. Turudi nyuma kidogo, maana historia yake ina masomo mawili, moja chungu na moja tamu.

Somo chungu linatoka Palestina penyewe. Mwezi wa nne 1936, Wapalestina walianza mgomo mkuu juu ya utawala wa Uingereza na juu ya uhamiaji wa Wayahudi uliokuwa unaongezeka. Mgomo ulidumu karibu miezi 6, kati ya migomo mirefu sana katika historia ya utawala wa kikoloni. Wafanyakazi wa bandari ya Jaffa, ile iliyojulikana Ulaya nzima kwa machungwa yake, waliacha kazi. Ilikuwa silaha kali. Lakini mwezi wa tano tu, gati ilifunguliwa Tel Aviv, pale pembeni, na shehena zikaanza kupita huko. Wenye kugoma walibaki na njaa yao, na bandari yao haikupata tena nguvu yake ya zamani. Funzo: mgomo wa mahali pamoja unazungukwa, kama maji yanavyozunguka jiwe.

Somo tamu linatoka mbali, lakini linafika Afrika. Tarehe 19 mwezi wa saba 1984, huko Dublin, msichana wa miaka 21 aitwaye Mary Manning, mpokea pesa katika duka la Dunnes Stores, alikataa kumuuzia mteja matunda yaliyotoka Afrika Kusini ya apartheid. Sendika yake ndiyo iliyokuwa imewaagiza wanachama wasiguse bidhaa zile. Alisimamishwa kazi. Wenzake wachache, karibu wote wasichana wa kawaida, walitoka naye. Wengi wao mwanzoni hawakujua apartheid ni nini. Walijifunzia barabarani, wakiwa wamesimama mbele ya duka. Walikaa katika mgomo karibu miaka mitatu. Mwaka wa 1987 serikali ya Ireland ilipiga marufuku kuingiza matunda na mboga za Afrika Kusini. Mwishoni mwa ule mwaka wa 1984, wafanyakazi wa bandari ya San Francisco nao walikataa kwa siku 11 kupakua mizigo ya Afrika Kusini iliyokuwa ndani ya meli moja.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwezi wa nne 2008, meli ya China iliyobeba silaha za kwenda Zimbabwe ilifika Durban. Uchaguzi wa Zimbabwe ulikuwa katika mvutano mkali, na watu walikuwa wanapigwa. Wafanyakazi wa bandari, wanachama wa SATAWU, walikataa kupakua. Mwaka wa 2009, kisha mashambulizi ya Gaza ya wakati ule, wanachama wa sendika ile ile walikataa kupakua mizigo ya Israeli kutoka meli iliyoitwa Johanna Russ. Mwaka wa 2021 wakakataa tena meli ingine. Walieleza wazi kwamba walikuwa wanarudisha kile ambacho wao wenyewe walikipokea wakati wa apartheid. Yaani mshikamano ulitembea: kutoka Dublin na San Francisco ukafika Durban, na kutoka Durban ukaenda Gaza. Waliosaidiwa hawakufunga mlango wakasema, sasa kila mtu na shida yake.

Nimejaribu kuelewa kwa nini inafanikiwa mahali fulani na mahali pengine inashindwa. Ninaona mambo matatu.

La kwanza ni kujua kilicho ndani ya sanduku. Pale Fos-sur-Mer, bila habari ya uhakika juu ya ile kontena, wangepakia bila kujua. Karatasi za mizigo, waandishi wa habari, watu wanaofuatilia meli: hao wote ni sehemu ya mgomo. Hapa kuna kazi kwa sisi watu wa vitabu.

La pili ni mgongo. Mtu mmoja akikataa peke yake, kesho anafukuzwa na mwingine anashika mashini yake. Sendika ikikataa, patroni anakutana na kundi zima. Mary Manning alisimama peke yake kwa dakika chache tu. Kisha hapo walikuwa wengi.

La tatu ni jirani. Jaffa ilishindwa kwa sababu Tel Aviv ilifunguliwa. Fos ilifanikiwa zaidi kwa sababu Genoa ilikuwa macho.

Sasa tuseme ukweli wote, maana tukidanganyana hapa hatutasaidia mtu. Hii mikono iliyokataa haikusimamisha vita. Kontena moja iliyobaki Piraeus haikuzuia elfu zilizopita njia zingine. Kule Marekani, sendika saba zenye wanachama karibu milioni 6 zilimwandikia rais Biden mwezi wa saba 2024 zikimtaka asimamishe misaada ya kijeshi kwa Israeli. Barua ilifika, mabomu yakaendelea. Na ndani ya sendika kuna mvutano wa kweli: mfanyakazi wa kiwanda cha silaha ana watoto, ana deni la nyumba, na ukimwambia aache kazi inabidi umwambie pia atakula nini. Wale wanaodharau hili swali hawajawahi kukaa miezi mitatu bila mshahara.

Kuna upande mwingine ambao hauonekani kwenye televisheni. Mbele ya vita, Wapalestina wengi walikuwa wanafanya kazi Israeli, katika majengo na mashamba. Vita ilipoanza, vibali vyao vilifutwa, na wengi hawakulipwa hata kazi waliyokuwa wamekwisha kuifanya. Mwezi wa tisa 2024, sendika za kimataifa zilipeleka malalamiko kwa Shirika la Kazi Duniani, ILO, juu ya mishahara ya Wapalestina zaidi ya 200,000. Haina kelele ya mgomo, ni kazi ya makaratasi. Lakini kwa baba aliye nyumbani na watoto watano, ile karatasi inaweza kuwa na maana kuliko maandamano kumi. Mshikamano unafanyika pia kwa kalamu na daftari ya mishahara.

Na serikali? Zinakuja nyuma, zikichechemea, lakini wakati mwingine zinakuja. Mwezi wa pili 2024, jimbo la Wallonia katika Ubelgiji lilisimamisha leseni mbili za kuuza baruti Israeli, likitaja uamuzi ambao Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa tarehe 26 mwezi wa kwanza. Siwezi kusema sendika njo zilifanya hivyo. Ninasema tu kwamba ni vigumu zaidi kwa waziri kutia sahihi wakati kila mtu, mpaka mpakiaji wa mizigo, anauliza ndani ya sanduku kuna nini.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu wa Bukavu, maana sijamsahau.

Hapa hapa Lubumbashi, wakati ikiitwa Elisabethville, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1941, askari walipiga masasi wafanyakazi wa Union Minière waliokusanyika katika uwanja wa mpira wakidai mshahara. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anaongea kwa niaba yao, aliuawa pale. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Wacongo hawakuwa na haki ya kuunda sendika. Ruhusa ilikuja 1946, na kwa masharti mengi. Na shaba? Shaba iliendelea kupanda treni na meli kwenda kwenye vita ya dunia, kana kwamba pale uwanjani hakuna kilichotokea. Kwa hiyo ule uchungu wa «nani alitulilia?» si wa jana. Ndugu yetu ana haki kabisa.

Lakini sasa ninaona kwamba swali lake lina majibu mawili. La kwanza: mama wa Bukavu na mama wa Gaza hawashindani. Yule mpakiaji wa Durban aliyekataa meli ya silaha za Zimbabwe ni yule yule wa sendika iliyokataa meli ya Israeli. Moyo wa mtu haugawanywi kama posho, kwamba ukimpa mmoja mwingine anakosa. Kinyume chake, mkono uliozoea kukataa unakataa tena.

La pili linatuuma zaidi: Wapalestina walihitaji siku 9 kuandika ombi lenye anwani. Letu liko wapi? Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika kwamba koltani ya Rubaya inavushwa kwenda Rwanda. Ile koltani nayo haijibebi. Inapanda kamio, inaingia kontena, inafika bandari, inashikwa na mikono ya watu wenye kadi za sendika. Katika umoja wetu tumeandika matangazo mengi ya huzuni, na sikatai huzuni. Lakini hatujawahi kumwandikia mtu wa bandari yoyote na kumwambia: huu mzigo, angalia karatasi zake, na kama unatoka pale, usiuguse. Tulingojea watulilie, lakini hatukuwapa kazi ya kufanya.

Jumapili iliyopita nilimpigia simu ule ndugu. Nilimsimulia habari ya Dublin, ya Durban, ya vile vipande vya chuma vya Fos-sur-Mer. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si tabia yake. Kisha akauliza:

«Wale wa Durban, banaongea Kifaransa?»

«Hapana, yaya. Kiingereza na Kizulu.»

Alinyamaza kidogo. «Basi tutafute mtu wa kututafsiria. Lakini tuanze na ile barua ya Gaza, ile tuliyoacha. Mimi njo niliizuia, mimi njo nitaiandika.»

Rasimu yake ilinifikia usiku ule ule. Ni ukurasa mmoja. Nitaisoma katika mkutano wetu ujao, na ile ya pili, ya bandari, tutaiandika pamoja pale pale mezani.